Aisilandi kwa siku moja: maporomoko, ufuko mweusi, na kwa nini safari iishie Vík

Njia_ya_Kusini

Wakuu, habari za wakati huu.

Wengi mmeniuliza faraghani kuhusu safari ya siku moja ya pwani ya kusini ya Aisilandi, ile ya kuondoka Reykjavík asubuhi na kundi mkiwa na muongoza watalii, kisha kurudi jioni. Naiweka hapa ili ibaki na wengine waikute. Nimeifanya wakati wa joto na wakati wa baridi, kwa basi kubwa na kwa basi dogo.

Msimamo wangu nautaja mapema ili anayetaka kubishana aanze: chukueni safari inayoishia Vík, kijiji cha pwani hiyo. Zipo zinazouzwa kwa siku hiyohiyo hadi Jökulsárlón, kwenye ziwa la vipande vya barafu. Kutoka Reykjavík hadi Vík ni kama kilomita 187. Hadi Jökulsárlón ni kama 375. Kwenda na kurudi mnakula kilomita 750, na mwendo wa juu unaoruhusiwa kwenye barabara ya lami nje ya mji ni kilomita 90 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe uone utakaa kitini muda gani na utasimama mbele ya maporomoko muda gani. Pwani hii inataka mtu asimame.

Basi huondoka mnamo saa mbili asubuhi. Mnafuata Barabara Namba 1, ile inayozunguka kisiwa kizima, kilomita 1,300 na kitu, ambayo mzunguko wake ulikamilika mwaka 1974 baada ya kuwekwa madaraja kwenye mchanga wa Skeiðarársandur. Mkishatoka mjini mnapanda Hellisheiði, na mvuke unaanza kuonekana ukitoka ardhini. Hapo pana kituo cha umeme wa jotoardhi cha megawati 303, ambacho pia hupeleka maji ya moto Reykjavík. Halafu mnateremka Hveragerði, mji wenye nyumba za vioo zinazopashwa joto na mvuke wa ardhini, mnapita Selfoss, na tambarare inaanza. Siku ikiwa angavu mtauona Hekla kushoto, mita 1,491, uliolipuka mara ya mwisho mwaka 2000. Kulia baharini kuna visiwa vya Vestmannaeyjar.

Baada ya kuvuka daraja la mto Markarfljót ndipo kazi ya kiongozi mzuri inapoanza. Wetu wa mara ya kwanza hakukimbilia maegesho. Alipunguza mwendo akatuambia tutazame kushoto. Kuna ukuta wa miamba unaokwenda sambamba na barabara kwa masafa marefu, na kila baada ya hatua mto unaanguka kutoka juu yake. Akatuambia: hiyo ndiyo pwani ya zamani. Mwishoni mwa enzi ya barafu bahari ilikuwa inapiga kwenye kuta hizo. Barafu nzito ilipoyeyuka, ardhi iliyokuwa imekandamizwa ikainuka. Mito inayotoka kwenye barafuto (yale mabarafu makubwa ya milimani yanayosogea polepole) na mafuriko ya volkano yakamwaga mchanga mbele ya miamba, bahari ikasukumwa nyuma kilomita kadhaa. Mito haikuhama. Inaangukia palepale ilipokuwa ikimwagikia baharini.

Tangu hapo sikuweza tena kuiona Seljalandsfoss kama maporomoko tu. Ina kimo cha mita 60 hivi, na nyuma yake mwamba umeliwa ukaacha pango, kwa hiyo kuna njia ya kupita nyuma ya maji na kutokea upande wa pili. Utalowa, hakuna namna. Koti la mvua pamoja na suruali ya mvua, si koti peke yake. Hatua chache kaskazini yake iko Gljúfrabúi, imejificha ndani ya ufa wa mwamba. Unaingia kwa kukanyaga mawe kwenye kijito. Safari nyingi za basi kubwa hazitoi muda wa kwenda huko. Ulizeni kabla ya kulipa.

Mwendo wa nusu saa mbele iko Skógafoss. Hii ni mita 60 pia, lakini ina upana wa mita 25 na inaanguka moja kwa moja bila kuguswa na mwamba. Jua likitoka, upinde wa mvua unasimama mbele yake. Pembeni kuna ngazi zaidi ya 500 za kupanda hadi ukingo wa juu, na ukifika huko unaona mambo mawili kwa pamoja: mto Skógá ukishuka kutoka mlimani kwa maporomoko mengine kadhaa, na upande wa pili ile tambarare yote mpaka baharini. Ukiwa juu pale maelezo ya pwani ya zamani hayahitaji mwalimu.

Kuna masimulizi kwamba mlowezi wa mwanzo wa eneo hilo, Þrasi Þórólfsson, alificha kasha la dhahabu nyuma ya maporomoko. Baadaye vijana walilifikia wakashika pete ya ubavuni, ikang'oka, kasha likazama. Pete inayosemwa kuwa ndiyo hiyo imo kwenye makumbusho ya Skógar, umbali mfupi tu kutoka hapo.

Naomba msiyaruke makumbusho hayo. Yalianzishwa mwaka 1949, na aliyeyajenga kwa maisha yake yote ni Þórður Tómasson, aliyeanza kukusanya vitu vya wanakijiji akiwa kijana na akafariki mwaka 2022 akiwa na miaka 100. Ndani kuna chombo cha kuvulia kiitwacho Pétursey, cha mwaka 1855. Kaeni mbele ya chombo hicho. Pwani hii yote haina bandari ya asili. Ni mchanga mtupu unaoikabili bahari kuu. Wavuvi walisukuma vyombo moja kwa moja kutoka ufukweni, na nahodha alikuwa akisimama kusoma mawimbi, akisubiri utulivu mfupi kati ya mafungu ya mawimbi makubwa ndipo atoe amri ya kusukuma. Akikosea, watu wanakufa wakiwaona wake zao ufukweni. Mkitoka hapo mkaenda Reynisfjara mtaiheshimu bahari kwa namna nyingine kabisa.

Reynisfjara ni ule ufuko mweusi wenye nguzo za mawe, pango la Hálsanefshellir, na minara ya mwamba ya Reynisdrangar iliyosimama baharini, mrefu wake ukifika mita 66. Wenyeji husimulia kwamba hayo ni majitu yaliyokuwa yakivuta merikebu kuelekea nchi kavu usiku, yakachelewa, jua likachomoza na kuyageuza mawe. Kisha ni Vík, chakula, na kurudi. Mnafika Reykjavík jioni.

Karibuni maswali.

Tembo_Mweupe

Mkuu uzi umeshiba. Swali moja tu: kwa nini nimlipe muongoza watalii wakati barabara ni moja na lami imenyooka? Nakodi gari, nasimama ninapotaka.

Njia_ya_Kusini

Kaka, kama ni Juni au Julai, una uzoefu wa kuendesha kwenye upepo, na mko watu wanne wa kuchangia gari, kodi. Sitakuzuia. Ila jua kinachoharibu magari ya kukodi huko zaidi ya unavyodhani ni upepo: mtu anafungua mlango, upepo unaushika na kuupinda, na bima nyingi za kawaida hazigusi hilo. Halafu kuna dhoruba za mchanga zinazokwangua rangi. Angalia hali ya hewa kwenye tovuti ya idara yao na hali ya barabara kila asubuhi, sio jana yake.

Hoja yangu kubwa zaidi si usalama wa gari. Dereva haangalii kushoto. Ukuta wa miamba niliousema utaupita ukiwa umekodolea macho lori la mbele. Na hutamjua aliyekulia kwenye shamba la chini ya mlima, aliyefagia majivu ya volkano kwenye paa la baba yake mwaka 2010. Kiongozi wetu wa safari ya baridi alikuwa mtu wa aina hiyo, na alichosimulia kati ya Seljalandsfoss na Skógar sijakikuta kwenye kibao chochote cha barabarani.

Waridi_Jekundu

Umetaja 2010 umenigusa. Wakati huo nilikuwa nafunga maua kwenye shamba moja Naivasha. Tuliambiwa kuna mlima umelipuka Ulaya, ndege za mizigo haziruki. Siku ya kwanza tuliona ni jambo dogo. Kisha vyumba vya baridi vikajaa, waridi likaanza kufunguka ndani ya maboksi, na tukaanza kulitupa. Maua ya nchi nzima yalitupwa kwa tani wiki ile, na vibarua wengi tukaambiwa tubaki nyumbani. Jina la huo mlima sikuweza kulitamka, lakini nililichukia. Mkipita hapo, unaonekana?

Njia_ya_Kusini

Pole sana dada, na asante kwa kuandika hili. Ndiyo, ni Eyjafjallajökull, mita 1,651, na mnapita chini yake kabisa. Maji ya Seljalandsfoss yanatoka upande huo. Mawingu yakiondoka utaona kilele kimefunikwa na barafu.

Nikuambie kilichotokea upande wa pili wa siku zile zako. Machi 2010 ulianza mpasuko mdogo kule Fimmvörðuháls, watu wakawa wanapanda kwenda kuutazama. Tarehe 14 Aprili mlipuko ukahamia chini ya barafu ya kilele chenyewe. Hapo ndipo shida ilipozaliwa: zaha ya moto, yaani mwamba ulioyeyuka, ilipokutana na maji ya barafu ilipasuka vipande vidogo mno, majivu laini kama unga, na pepo zikaelekea Ulaya. Mamia ya watu wa mashamba ya chini walihamishwa usiku. Barafu iliyoyeyuka ikaja kwa mafuriko kwenye mto Markarfljót, na mafundi wa barabara wakaikata Barabara Namba 1 kwa makusudi, kwa mitambo, ili maji yapite pembeni na daraja lipone. Daraja likapona. Ndilo mnalolivuka dakika chache kabla ya Seljalandsfoss.

Waridi_Jekundu

Walikata barabara kuokoa daraja. Sikuwahi kulisikia hilo. Ipo siku nitapita juu yake.

Mama_Wawili

Shikamooni wakubwa. Mimi nina watoto wa miaka 7 na 10, tunakwenda Julai Mungu akipenda. Nimesikia Reynisfjara inaua. Niwapeleke au nibaki nao kwenye basi?

Njia_ya_Kusini

Marahaba mama. Wapeleke, lakini soma hili neno kwa neno, na baba yao asome.

Ufuko ule hauna kitu cha kuvunja nguvu ya bahari. Mawimbi yaliyozaliwa na dhoruba za mbali katika Atlantiki yanafika yakiwa mazima, na sakafu ya bahari inashuka ghafla karibu na ukingo, kwa hiyo wimbi halivunjiki mbali, linavunjikia miguuni. Yanakuja madogo kadhaa, mtu anazoea, anasogea kupiga picha, halafu linakuja moja linalopanda ufuko mita nyingi kuliko yote yaliyotangulia. Linaporudi linavuta mchanga unaokanyaga. Maji ni baridi kali na hakuna mwogeleaji hodari mbele yake. Watu kadhaa wamekufa hapo ndani ya miaka ya karibuni. Agosti 2025 alikuwa mtoto wa kike wa miaka 9.

Kuna taa za onyo zilizowekwa tangu 2022. Ikiwa nyekundu, familia yako inabaki juu kwenye sehemu ya kutazamia, hata kama mnaona watu wengine wameshuka. Ikiwa ya njano, mnashuka lakini mnabaki juu kabisa ya alama ya mchanga uliolowa, mikono imeshikwa, na mtu mzima mmoja haangalii simu wala nguzo. Anaangalia bahari tu. Msiipe bahari mgongo. Pangoni msiingie maji yakiwa yanajaa, maana wimbi hufunga mlango. Na msikae chini ya ukuta wa mlima Reynisfjall: Agosti 2019 sehemu yake iliporomoka mpaka upande wa mashariki wa ufuko ukafungwa.

Umbo la ufuko lenyewe hubadilika, bahari huchukua mchanga na kuurudisha. Kwa hiyo picha ulizoziona za mwaka fulani si ahadi. Atakachosema kiongozi siku hiyo ndicho.

Mama_Wawili

Nimesoma na nimemsomea baba yao. Asante sana. Basi nguzo wataziona kwa mbali ikibidi.

Jiwe_Hai

Naomba kuongeza kuhusu hizo nguzo kwa kuwa ndiyo fani yangu, na watoto wa huyo mama watauliza.

Zaha nene ikitulia na kupoa polepole inasinyaa. Ikisinyaa inapasuka, na mpasuko ulio sawa zaidi kwa nguvu zinazovuta pande zote ni ule unaokutana kwa pembe za nyuzi 120 hivi, ndiyo maana nguzo nyingi zina pande sita. Za pande tano na saba zipo pia, wahesabu wenyewe. Nguzo hukua kutoka sehemu iliyopoa kwanza kuelekea ndani, zikiwa wima kwa uso huo. Pale pangoni mtaona baadhi zimepinda na kulala: hiyo inaonyesha uso uliokuwa ukipoa haukuwa tambarare. Unasoma namna joto lilivyotoka kwenye jiwe.

Mchanga ni mweusi kwa sababu ni mwamba uleule wa nguzo, uitwao basalti, wenye chuma na magnesi nyingi, uliosagwa na mito ya barafuto na bahari, ukichanganyika na zaha iliyopasuka ilipogusa maji.

Na mkipata nafasi ya Dyrhólaey msiikatae. Ni rasi yenye kimo cha mita 120 magharibi ya Reynisfjara, ina tundu kubwa kama lango ambalo bahari imelitoboa. Iliibuka kwa milipuko chini ya bahari, namna ileile kisiwa cha Surtsey kilivyoibuka kuanzia Novemba 1963, mbele ya macho ya wavuvi. Surtsey mtaishia kuiona kwa mbali tu, maana kukanyaga kunaruhusiwa kwa watafiti peke yao. Dyrhólaey ni fursa ya kusimama juu ya kitu cha asili hiyohiyo.

Njia_ya_Kusini

Shukrani mtaalamu. Niongeze la kivitendo: mabasi makubwa hayapandi mpaka juu kwenye mnara wa taa wa Dyrhólaey, barabara ni ya mwinuko na kona. Hii ni sababu mojawapo ya mimi kupendelea basi dogo ingawa bei yake iko juu. Kati ya Mei na Agosti pafini wanakuwa kwenye miamba hiyo, wale ndege wa bahari wenye midomo ya rangi za kung'aa. Wakati wa kuatamia sehemu za rasi hufungwa, na mkikuta kamba mwaache ndege walee.

Mzee_wa_Barafu

Mimi nakupinga mkuu kuhusu Jökulsárlón. Nilikuwa na siku moja tu Aisilandi, napita kuelekea Marekani. Nilichukua ile safari ndefu ya saa kumi na nne na sijuti hata kidogo. Vipande vya barafu vya bluu vikielea kwenye ziwa, vingine vimetupwa na bahari kwenye mchanga mweusi vikimeta, sijawahi kuona kitu kama hicho. Maporomoko yapo nchi nyingi.

Njia_ya_Kusini

Mzee wangu, hoja yako ina uzito, na kwa mwenye siku moja ya maisha naielewa. Ziwa lile lilianza kuonekana miaka ya 1930 barafuto ya Breiðamerkurjökull ilipoanza kurudi nyuma, na sasa lina kina cha zaidi ya mita 200. Ni mahali pa kwenda.

Lakini hebu tuseme ukweli wa saa. Kwenye safari ile Skógafoss mlisimama muda gani? Ulipanda ngazi?

Mzee_wa_Barafu

Dakika 25. Sikupanda. Reynisfjara tulipita tukirudi, giza limeanza.

Njia_ya_Kusini

Ndicho ninachokisema. Ulilipa pwani nzima ukapewa ziwa. Mwenye siku mbili alale Vík au Kirkjubæjarklaustur, asubuhi aende Jökulsárlón akiwa mzima. Mwenye siku moja achague: ama ziwa, akubali kwamba mengine atayaona dirishani, ama maporomoko na ufuko mweusi kwa utulivu. Wanaouza vyote kwa siku moja wanawauzia watu orodha.

Na kama kiu yako ni barafu, njiani kati ya Skógar na Vík kuna Sólheimajökull, ulimi wa barafuto ya Mýrdalsjökull. Safari nyingine za siku moja zinaweka kuitembelea, mnafungiwa meno ya chuma kwenye viatu na kupanda na mtaalamu. Wanafunzi wa shule ya Hvolsvöllur wamekuwa wakipima kurudi nyuma kwake kila mwaka tangu 2010. Pale ulimi ulipokuwa wakati wanaanza, sasa ni ziwa. Watoto wanapima kwa mikono yao jambo ambalo sisi tunalisoma kwenye taarifa. Mimi hilo liliniumiza kuliko picha yoyote ya vipande vinavyoelea.

Mzee_wa_Barafu

Hapo nimekuelewa. Bado namshauri mwenye siku moja aende ziwani, ila ajue anachokiacha.

Binti_Kipupwe

Habari zenu. Mimi ni Desemba, tiketi nimeshakata. Nasikia giza tu. Nighairi?

Njia_ya_Kusini

Usighairi dada. Jua la Desemba Reykjavík linachomoza baada ya saa tano asubuhi na kuzama mnamo saa tisa na nusu alasiri. Ni kama saa nne za mwanga. Kwa hiyo mnatoka mjini gizani, alfajiri inawakuta njiani, na kwa kuwa jua halipandi juu, rangi ya mapambazuko inakaa karibu mchana kutwa. Skógafoss ikiwa na barafu iliyoning'inia pande zote ni nzuri kuliko ya kiangazi, huo ni mtazamo wangu na nitausimamia.

Yanayobadilika ni haya. Njia ya nyuma ya Seljalandsfoss hufungwa kukiwa na barafu, usibishane na mnyororo. Ngazi za Skógafoss huwa na utelezi. Nunua vile vifaa vya mpira vyenye meno madogo vya kuvisha viatu, hata duka la vifaa Reykjavík vipo. Tabaka la sufu mwilini, sio pamba. Glavu jozi mbili, moja italowa.

La muhimu kuliko yote: safari hii iweke mwanzoni mwa ziara yako, sio siku ya mwisho. Dhoruba ikija barabara hufungwa na kampuni huahirisha. Ukiwa na siku mbele unapewa nyingine. Ukiwa na ndege kesho yake asubuhi umekosa. Nimeona watu wazima wakilia kwenye ukumbi wa hoteli kwa ajili ya hilo.

Tembo_Mweupe

Kuhusu baridi nimekubali, gari nitakodi majira ya joto tu. Lakini huu mlima mwingine wanaousema, Katla, ni kweli umepitwa na wakati wake? Naogopa kulala Vík.

Jiwe_Hai

Nijibu mimi. Katla iko chini ya barafu ya Mýrdalsjökull, juu ya Vík kabisa. Kwa karne nyingi imekuwa ikilipuka mara moja au mbili kila karne. Mlipuko mkubwa wa mwisho ulianza tarehe 12 Oktoba 1918. Volkano haina kalenda, kwa hiyo neno "imepitwa na wakati" tusilitumie, ila imekaa kimya zaidi ya miaka 100 na inafuatiliwa kwa mitambo ya tetemeko mchana na usiku.

Hatari yake kwanza ni maji. Moto chini ya barafu nene hutoa mafuriko yenye vipande vya barafu vikubwa kama nyumba. Mwaka 1918 mafuriko hayo yalibeba mchanga mwingi kiasi kwamba pwani ilisogea baharini kwa kilomita kadhaa mashariki ya Vík. Narudi kwenye maelezo ya mwenye uzi: ndivyo tambarare ile yote ilivyojengwa, mafuriko kwa mafuriko.

Wakazi wa Vík wanajua pa kukimbilia, ni kanisani juu ya kilima. Simu zilizopo eneo hilo hutumiwa ujumbe wa onyo na mamlaka ya uokoaji, hata simu ya mgeni. Usiizime tu usiku. Namba ya dharura ni 112.

Msomaji_Kimya

Nimefuatilia uzi wote. Maswali mafupi: viza, pesa, na maji ya kunywa?

Njia_ya_Kusini

Viza ni ya Schengen, Aisilandi imo tangu 2001. Pesa ni krona ya Aisilandi lakini hutaigusa, kadi inapokelewa kila mahali hadi chooni. Chupa yako jaza bombani, maji ya bomba ya baridi huko ni safi kabisa. Ya moto yanaweza kunuka salfa kidogo, hayana shida kuogea. Chakula cha Vík ni ghali. Supu ya kondoo inatosha na inapasha mwili. Ada za maegesho za Seljalandsfoss na Reynisfjara kwa kawaida zimo ndani ya bei ya safari ya kundi, thibitisheni.

Na jambo moja ambalo viongozi wengine hulisahau: ule utandu wa kijani juu ya mawe ya zaha ni mimea midogo laini (kwa Kiingereza "moss") inayokua polepole mno. Ukiikanyaga, alama ya kiatu chako inabaki miaka. Kaeni kwenye njia. Kuendesha gari nje ya barabara ni kosa la kisheria na faini yake ni kubwa.

Kitukuu_wa_Bibi

Mimi la mwisho. Nampeleka mama, ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Ameiona Skógafoss kwenye televisheni na tangu hapo hasemi kitu kingine. Ataweza?

Njia_ya_Kusini

Ataweza, na Skógafoss ndiyo rafiki yake kuliko zote. Kutoka maegesho hadi karibu na maji ni tambarare tupu ya changarawe, hana haja ya ngazi. Atembee taratibu mpaka manyunyu yamguse, arudi. Seljalandsfoss aitazame kwa mbele tu, ile njia ya nyuma ina mawe yenye utelezi na sehemu ya kupanda. Makumbusho atayapenda, yana joto na pa kukaa. Reynisfjara aishie juu kwenye sehemu ya kutazamia, kutembea kwenye changarawe laini huchosha magoti hata ya vijana.

Chukua basi dogo, omba kiti cha mbele karibu na mlango. Mwambie kiongozi habari za magoti asubuhi kabla hamjaondoka Reykjavík, msisubiri mpaka mfike Skógar. Akijua mapema atapanga muda wake, na kundi litamsubiri mama bila kunung'unika.